Nyanya za Shangazi Kadzo

Siku ya tatu baada ya kumzika Shangazi Kadzo, uani kwake Mtongwe kukiwa kumejaa watu chini ya turubai, jirani mmoja aliinuka kusema machache, na hao watu wa kusema machache mnawajua. Alisema marehemu alikuwa mcha Mungu, akasema alikuwa mkarimu, kisha akataka kuwachangamsha wafiwa, akasema, "Na kilimo alikipenda huyu mama, jamani! Mpaka macho yalipomponza, nyanya zake akazimwagia maji ya chumvi mwenyewe, zikafa zote!" Watu wakacheka, kile kicheko cha matangani, cha upole, kisichokusudia kumuumiza mtu. Hata Kaka Charo, mwanawe wa pekee, mzee mwenyewe sasa wa miaka sabini na kitu, alitabasamu na kutikisa kichwa. Mimi nilikuwa mkekani na akina mama wenzangu, sahani ya wali mapajani, nikalirudisha tonge sahanini. Si kweli. Shangazi hakumwagia nyanya zake maji ya chumvi. Aliyemwagia ni mimi, Sidi, mpwa wake, na macho yangu yalikuwa mawili na mazima.

Niliinuka nikajifanya naenda kunawa. Nikanawa. Nikarudi, nikakaa, nikainuka tena. Mimi sikai, hilo wanangu watakwambia, na hospitalini nilikofanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu waliniita Mama Mbio, wakidhani ni bidii. Haikuwa bidii. Ni kutotulia tu, ugonjwa niliozaliwa nao, na mwaka ule wa Mtongwe ndio ulionionyesha unaweza kumgharimu mtu nini, tena mtu mwingine kabisa. Nimeeleza mambo mengi ya maisha yangu kwa watu wengi, maana mdomo ninao. Hili sijawahi kulieleza, na nikilieleza sasa nalieleza bila kujipaka mafuta.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeomba nafasi katika chuo cha uuguzi huko bara, na wakati nikingoja jibu nilitumwa kukaa na shangazi kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliona mlango, aliona mtu amesimama, lakini ni nani mpaka useme. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, na dirisha la mbao lililotazama uani, na kila alfajiri niliamshwa na filimbi za kambi ya wanamaji kule chini, kisha sauti ya shangazi: "Sidi!" "Abee, shangazi." "Hujaamka?" Kama ningekuwa sijaamka, nani kaitika? Lakini hayo nilijisemea moyoni. Kati ya choo na kisima palikuwa na matuta matano, na kwenye matuta hayo ndiko yalikokuwa maisha yake yote. Kwangu mimi palikuwa ni mahali pa kupita nikienda chooni.

Nyanya zake hazikuwa kama hizi tunazouziwa leo, ngumu, zinazoanguka chini zikadunda. Zilikuwa kubwa, zenye mikunjo kama boga dogo, na mabega yake hubaki kijani hata zikiiva. Ganda lake lilikuwa jembamba mno, hazikuweza kusafiri hata hadi sokoni Likoni zisipasuke, kwa hiyo aliyezitaka alikuja mwenyewe na bakuli. Shangazi alikuwa akizichemsha na ng'onda, yule samaki mkavu, kwa tui la kwanza, lile zito, tukala na sima, na hakuna aliyesema neno mpaka sufuria iguswe chini. Mimi niliyekuwa nikinung'unikia kila kitu cha nyumba ile sikuwahi kunung'unikia mchuzi ule. Mbegu zake hazikuuzwa popote. Alipewa na mamake siku alipoolewa, naye mamake alipewa na wake, na hazikuwekwa kwenye chupa wala karatasi. Ile nyanya nzuri kuliko zote iliachwa shinani mpaka ilegee kabisa, kisha shangazi huikamua kwenye jivu, akachanganya, akaupaka ule uji ukutani, nyuma ya mafiga, kwenye jiko lake la udongo. Ulikauka hapo ukawa kama kiraka. Moshi uliufukuzia wadudu. Wakati wa kupanda ukifika, hubandua kipande kwa ukucha, akakivunjavunja mkononi, akatia kwenye kitalu. Ukuta ule ulikuwa umejaa viraka, na alijua kila kimoja ni cha mwaka gani kwa kukipapasa.

Basi Kaka Charo akamjengea mamake jiko la matofali. Alikuwa mpishi kwenye hoteli moja Bamburi, mtu wa kuja Jumapili kwa Jumapili, na alitaka kumfurahisha mama kwa ghafla. Alichagua Jumamosi ya kikao cha akina mama wa kanisa, siku ambayo hata mimi nilikwenda kumshika shangazi mkono, akaja na mafundi wawili na nyundo. Tuliporudi, jiko la udongo lilikuwa kichuguu katikati ya uwanja, na Charo amesimama juu yake akicheka meno yote nje. "Mama, leo moshi basi!" Shangazi alinyoosha mkono akitafuta ukuta, akapata hewa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Baba, na mbegu zangu?" Charo akasema, "Mbegu gani?" Na usiku huo huo, mvua za vuli zikiwa ndizo zinamalizikia, ikanyesha hiyo mvua mpaka asubuhi, juu ya kichuguu.

Mbegu ikishalowa haingoji. Ama uipande ama ioze. Tulichambua udongo ule siku mbili, mimi kwa macho, yeye kwa vidole, na naapa vidole vyake vilinishinda. Tulipata kiganja kimoja tu cha mbegu zenye uhai. Hatukuweza kuweka akiba hata moja, na shangazi alilijua hilo akalisema wazi, tukiwa tumepiga magoti mbele ya kitalu: "Zikifa hizi, Sidi, hakuna tena. Si kwangu tu. Hakuna tena duniani." Mimi nikaitikia, "Ndiyo, shangazi," huku nikiangalia kivuli kama imefika saa ya kwenda kuulizia barua yangu. Mwezi wa kwanza tulikuwa na miche kumi na minne kwenye matuta, kaskazi imeanza, jua linachoma mgongo, wakati ambao hakuna mtu mwenye akili zake anayepanda nyanya Mtongwe. Jambo moja tu lingezivusha: maji matamu. Kisima cha uani kipindi cha masika huwa kinanyweka, lakini kaskazi ikipamba moto chumvi ya bahari huingia chini kwa chini, na maji yake huwa ya kuoshea miguu. Kila mtoto wa pale anajua. Maji matamu yalikuwa bombani, mwendo wa dakika ishirini, na bomba lilifunguliwa mara moja tu kwa siku, saa kumi ya jioni, na foleni yake ilikuwa foleni hasa.

Sasa sikilizeni shida yangu. Barua zetu zote zilikuja kwa sanduku la posta la kanisa. Karani wa kanisa, Bwana Mutua, Mkamba mmoja mpole mwenye suruali iliyonyooshwa mpaka ikakata, alikwenda posta Likoni mchana, akarudi saa kumi, akazipanga barua mezani, na saa kumi na moja akafunga ofisi akaenda zake. Saa kumi bombani, saa kumi ofisini, na mimi ni mmoja. Angeweza kunipa barua Jumapili baada ya ibada, kama alivyowapa wengine. Lakini wenzangu watatu walikuwa wameshaitwa vyuoni. Mmoja alipita kuniaga na viatu vipya. Nilikuwa nikilala naota barua, naamka naona matuta. Nilihisi nikikaa pale mwezi mwingine nitaota mizizi. Kila siku nilimkuta Bwana Mutua na kila siku alitikisa kichwa: "Bado, dada. Rudi kesho." Nami kesho narudi. Mwanzo nilikuwa nakimbia ofisini halafu bombani, nakuta limefungwa, na nyumbani shangazi anauliza, "Zimekunywa?" Siku ya kwanza niliyojibu "zimekunywa" nilikuwa nimechota mtungi mmoja wa kisimani nikachanganya na masalio ya maji ya kunywa. Nikajiambia, mara moja tu. Kesho yake nikachanganya tena. Wiki iliyofuata sikuchanganya na chochote.

Nyanya haifi siku moja. Laiti ingekuwa inakufa siku moja ningeshtuka. Kwanza kingo za majani ziliungua, zikawa za kahawia, nikasema ni jua. Kisha maua yakaanguka kabla ya kufunga, nikasema ni upepo. Juu ya udongo palifanya ukoko mweupe, huo sikuupatia la kusema, nikawa naufukia kwa mguu. Shangazi alikaa kwenye kigoda chake mlangoni akiuliza, "Majani yako vipi?" "Yako sawa, shangazi." "Yamejikunja?" "Kidogo tu, ni joto." Nilidanganya kwa sauti tamu sana, mpaka leo naisikia. Mtu haoni, anakuuliza kitu kimoja tu katika dunia hii, na wewe unamjibu huku umeshavaa ndala za kwenda kanisani.

Adhuhuri moja nilikuwa chumbani nimejilaza, joto limenishinda, nikamsikia Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, amekuja kukaa na shangazi chini ya dirisha langu. Walikuwa wakichambua mchicha, nasikia vijiti vikivunjika. Bi Zuhura akasema, "Kadzo, huyu binti wako achota kisimani. Wallahi nimemuona kwa macho yangu, na si mara moja." Nikakauka pale kitandani. Shangazi akasema, "Najua. Nimeonja jani." "Na humwambii kitu?" "Nimwambie nini? Zimeshaungua. Nikimwambia atalia, na akilia nyanya hazirudi." Bi Zuhura akasonya. "Wewe nawe! Ungekuwa ni mwanangu ningemtia adabu." Shangazi akasema, "Anangoja barua huyu. Mtu anayengoja barua hana macho, Zuhura. Afadhali mimi." Halafu wakaendelea na mchicha, wakazungumzia harusi ya mtu.

Mngetegemea niseme nilitoka nikamwangukia miguuni. Sikutoka. Nililala kimya mpaka Bi Zuhura alipokwenda, na jioni nikaenda bombani, nikapanga foleni, nikaleta mitungi miwili ya maji matamu, nikamwagilia matuta mpaka yakafurika. Nilifanya hivyo siku tisa mfululizo na ofisini sikukanyaga. Lakini chumvi haiombwi radhi. Mche wa mwisho, mmoja uliokuwa umejibanza kivulini mwa choo, ulikuwa na tunda moja dogo, kijani, gumu. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya tunda lile kuliko nilivyowahi kuomba kwa ajili ya chuo. Siku ya kumi nikalikuta chini, limeoza kitakoni. Nikalitupa nyuma ya choo, na huo ndio ukawa mwisho wa kitu ambacho wanawake watatu walikuwa wamekipokezana mkononi.

Barua ikaja Ijumaa ya wiki ile ile. Bwana Mutua aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, anatabasamu. Nimepata nafasi, niripoti wiki inayofuata, na ndani mna fomu ya kutiwa sahihi na mdhamini, mtu mzima mwenye ajira. Mtu huyo ni Kaka Charo. Jumapili nikaitandaza fomu mezani sebuleni, nikaweka kalamu juu yake ili isipeperuke, nikapika wali wa nazi na maharagwe, nikafagia uwanja mara mbili. Charo akaja, "Shikamoo mama," "Marahaba baba," akanipongeza, akasema ngoja ninawe mikono kwanza. Akaenda uani kunawa. Hakurudi. Nikasikia anaita, "Mama! Hizi nyanya zimefanyaje?"

Tulipofika alikuwa amechutama tutani, amechota udongo, ameugusisha ulimini. Akatema. "Haya ni maji ya kisima. Nani kamwagia maji ya kisima?" Alikuwa akinitazama mimi. Na alikuwa na haki, maana tangu avunje ule ukuta alikuwa hana amani, kila Jumapili akizihesabu zile nyanya kama mtu anayesubiri kusamehewa. Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka. Lakini akilini niliiona ile fomu mezani, haina sahihi, na nikaona jinsi angeichana. Kabla sijatoa sauti, shangazi akasema, "Ni mimi."

"Wewe?"

"Sidi huenda kanisani jioni. Nikahisi zinanyauka. Nikachota mwenyewe."

Nilidhani Charo atakasirikia nyanya. Hakukasirika, aliogopa. "Mama! Kisima hicho? Kisicho na ukingo? Na macho hayo? Ungetumbukia nikaja kukutoa kwa kamba?" Alikwenda kisimani akaikata ile kamba ya ndoo. Akarudi akalichukua jembe la shangazi lililokuwa limeegemea ukuta, jembe lenye mpini uliolika pale anaposhika, akalibana kwapani. "Kuanzia leo hushiki jembe. Mama, unanisikia? Huna macho ya shamba tena. Mimi sitaki kuzika mtu kwa ajili ya nyanya." Shangazi akasema, "Haya, baba." Basi. Tukaingia ndani tukala. Charo akasifu maharagwe. Akaivuta fomu, akaitia sahihi, na mimi, niseme kweli maana nimeahidi, nilifurahi.

Siku ya kuondoka shangazi alinisindikiza mpaka langoni, mkono begani pangu. Nikasema, "Shangazi, yale maji..." Akanikata: "Maji gani? Nenda, gari litakuacha." Nikaenda. Nilijiambia nitamweleza Charo Krismasi. Krismasi nikarudi, nikakuta Charo amekifukia kisima na uwanja mzima ameusakafia kwa simiti, mama asije akajikwaa. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya simiti, miguu ameinyoosha, vidole vyake vinasuguana mapajani. Nikasema nitamweleza Pasaka. Wakati huo mtaa mzima ulikuwa na kisa cha kuchekea, cha mama kipofu na maji ya chumvi, na yeye akicheka nao. Baadaye, nikiwa muuguzi mwenye uwezo wa kumshika mtu mkono na kumpitisha mlango wa daktari, nilimpeleka akapasuliwa macho. Nilijivunia jambo lile, nilidhani ninalipa. Bandeji zilipotolewa tukamrudisha nyumbani, akasimama mlangoni akaona. Kitu cha kwanza alichokiona uani kwake ni simiti. Nilimletea mbegu za kopo kutoka dukani. Akanishukuru sana, akampa Bi Zuhura. Nami mpaka leo nikipita soko la Kongowea siwezi kuacha kuzibonyabonya nyanya za watu, nikitafuta zile zenye mikunjo, mpaka wachuuzi wananifokea, "Mama, nunua ama uache!"

Miaka thelathini na tisa nimeuacha uongo wake ukae juu ya jina lake, kwa sababu ulikuwa unanifaa. Hivyo ndivyo ilivyo, na sina lugha nyingine ya kuisema.

Jioni ile ya matanga watu walipopungua, nilimkuta Kaka Charo amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki pale pale uani. Nikavuta kiti. Akasema, "Sidi, leo umenizungusha macho, huchoki?" Nikasema, "Kaka Charo, nina neno." Nikamwambia. Bomba, ofisi ya Bwana Mutua, mtungi wa kwanza, mtungi wa pili, Bi Zuhura chini ya dirisha, fomu mezani. Nilisema haraka haraka, kama ninavyosema kila kitu, na nilipomaliza hapakuwa na la kuongeza, nikabaki kushika magoti yangu. Alikaa akiangalia miguu yake juu ya simiti. Nilingoja anifukuze. Kwa kweli nilitaka anifukuze.

"Nilimnyang'anya jembe," akasema. "Mama yangu mzazi. Na alikuwa hajafanya kitu."

"Kosa ni langu, kaka."

Akafuta uso kwa kiganja, kutoka juu hadi chini. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mimi nilikuwa na thelathini na mbili," akasema. "Na sikumuuliza hata swali la pili."